Jembe na Ndiva: Filbert Bayi Katika Mizani ya Leo

Mabingwa waliopita hupimwa na watu waliokuja baada yao, tena kwa mizani ambayo wao wenyewe hawakuijua. Kwa sababu hiyo hukumu juu yao huelekea upande mmoja kati ya pande mbili. Ama husifiwa kupita kiasi, kwa kuwa vya kale huitwa dhahabu. Ama hudharauliwa, kwa kuwa vya leo vina kasi zaidi na vinang'aa zaidi. Hukumu zote mbili zina kasoro moja. Hazichunguzi kazi ilifanywaje, ilifanywa kwa nyenzo gani, wala ni nani aliyepaswa kuiendeleza.

Katika historia ya michezo ya Tanzania, mtu ambaye hukumu hizo mbili humwandama zaidi ni Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu mwaka 1953. Tarehe 2 Februari 1974, katika mji wa Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaweka rekodi ya dunia. Nusu karne na zaidi imepita. Walioishi zama zile humtaja kama mtu ambaye hakutokea wa mfano wake. Kijana asomaye vitabu vya takwimu leo hukuta kwamba rekodi ya dunia ni 3:26.00, iliyowekwa na Hicham El Guerrouj wa Moroko mjini Roma mwaka 1998, naye huuliza kwa haki kabisa: kama wawili hawa wangekimbia pamoja, Bayi angeachwa nyuma kwa zaidi ya mita 40, basi sifa yake imebaki wapi?

Swali hili linastahili jibu la hoja, na mizani ya kulijibia yaweza kuazimwa mahali ambapo watu wamezoea kwa karne nyingi kuzipima kazi za waliotangulia. Mahali pamoja pa namna hiyo ni milima ya Upare. Safu hiyo huanzia Ugweno na Usangi upande wa kaskazini, ikapita juu ya tambarare kavu ya Same, hata Chome, Mbaga, Gonja na Mamba upande wa kusini. Milima hiyo haikumzaa Bayi. Kwao ni mbali, ng'ambo ya Arusha. Lakini imehifadhi mifano miwili ya kazi ya mikono, nayo ni jembe na ndiva. Jembe hufundisha jinsi ya kumpima fundi. Ndiva hufundisha jinsi ya kuwapima warithi wake.

Tuanze na jembe. Masimulizi ya Wapare, ambayo Isaria Kimambo aliyakusanya na kuyatumia katika kitabu chake cha historia ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, yanaitaja Ugweno kuwa nchi ya wahunzi. Ukoo wa Washana ndio uliokuwa na elimu ya kuyeyusha chuma na kukifua, na elimu hiyo iliupa heshima na mamlaka kabla ya utawala kuingia mikononi mwa Wasuya. Chuma cha Upare kilivuka hata kwa majirani wa Kilimanjaro. Baadaye chuma cha viwandani kikaletwa kutoka ng'ambo, kwa wingi na kwa bei ndogo, na matanuri ya milimani yakazimika. Jembe la dukani Same leo halihitaji mvukuto wala siku nyingi za kuchoma makaa. Hata hivyo hapana mtu mwenye akili timamu ambaye hulishika jembe hilo akasema kwamba Mshana hakujua kazi yake. Mhunzi hupimwa kwa alichofanya na udongo wenye chuma, makaa na mvukuto aliokuwa nao, na kwa umbali aliowazidi wahunzi wenzake wa zama zake.

Basi na Bayi apimwe hivyo. Mbio za Christchurch zilikuwa fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Desturi ya wakati ule, na hata ya wakati huu, ni kwamba mkimbiaji wa mita 1500 katika fainali hujibanza nyuma ya wenzake, akawaachia wengine kazi ya kupasua upepo, kisha huchomoka katika mzunguko wa mwisho. Bayi alifanya kinyume. Alishika uongozi tangu mwanzo, akapita mita 400 sekunde 55 hazijatimia, akapita mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 52 hivi, hali amewaacha wenzake kwa mita zipatazo 20. Hakuwapo mtu wa kumwongozea mwendo. John Walker, akishangiliwa na watu wa nchi yake, alimkaribia sana katika mita za mwisho, asimpate. Walker alimaliza kwa 3:32.52, muda ambao nao ulikuwa bora kuliko rekodi ya zamani ya Jim Ryun wa Marekani, 3:33.1, iliyodumu tangu mwaka 1967. Ben Jipcho wa Kenya alikuwa wa tatu. Mtu mmoja alikuwa amewaburuta wenzake hata wakafika mahali ambapo wengi wao hawajapata kufika.

Yafaa kutazama yaliyofuata. Rekodi ile ilidumu miaka mitano na nusu, mpaka Agosti 1979, Sebastian Coe wa Uingereza alipoivunja mjini Zurich kwa tofauti ya sekunde 0.13 tu. Tangu hapo rekodi ya wanaume ya mita 1500 imevunjwa mara nyingi, na kila mara imevunjwa katika mashindano ya mwaliko, ambamo aghalabu huwekwa mkimbiaji wa kuongoza mwendo kwa mizunguko ya kwanza na kisha kutoka. Hakuna hata mara moja tangu Christchurch ambapo iliwekwa katika fainali ya kugombea medali. Na rekodi ya Michezo ya Madola yenyewe ilidumu zaidi. Michezo 11 ilipita, tangu Edmonton mwaka 1978 hata ile ya mwaka 2018, na hapana aliyeifikia. Steve Cram wa Uingereza, mtu wa kwanza kukimbia mita 1500 chini ya dakika 3 na nusu, mwaka 1985, alishinda medali ya dhahabu ya Madola mara mbili, mwaka 1982 na 1986, na mara zote mbili akaiacha rekodi ya Bayi mahali pake. Ilivunjwa mwaka 2022 mjini Birmingham na Oliver Hoare wa Australia kwa 3:30.12. Miaka 48 ilikuwa imepita, na viatu vya wakimbiaji vilikuwa vimekwisha kugeuka kuwa chombo kingine kabisa, chenye ubao mgumu na soli laini irudishayo nguvu ya hatua.

Watetezi wa Bayi, hata hivyo, wasizidishe. Haifai kudai kwamba alikimbia juu ya vumbi; uwanja wa Christchurch ulikuwa na njia ya kisasa kwa wakati wake. Wala haifai kuficha mapungufu ambayo wapinzani wake huyataja. Rekodi yake ya maili, 3:51.0, aliyoiweka Kingston, Jamaika, tarehe 17 Mei 1975, haikudumu hata miezi mitatu. Walker aliivunja Agosti ya mwaka huo huo kwa 3:49.4, akawa mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika 3 na sekunde 50. Edmonton mwaka 1978 Bayi alishindwa na David Moorcroft wa Uingereza, akapata medali ya fedha. Moscow mwaka 1980, katika mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji, alitangulia mbele kwa ujasiri ule ule wa Christchurch, lakini Bronisław Malinowski wa Poland alimpata na kumpita katika mzunguko wa mwisho. Mwendo uliompa dunia mwaka 1974 ndio uliomnyima dhahabu mwaka 1980. Anayemsifu kwa ushujaa wa kwanza hana budi kuukubali na gharama ya pili, kwani vyote viwili vilitoka katika tabia moja.

Hoja nzito kuliko zote ni ile ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Dunia nzima ilikuwa ikingoja Bayi na Walker wakutane. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, nchi ya ubaguzi wa rangi, katika mwaka ule ule ambao wanafunzi wa Soweto walipigwa risasi. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand iondolewe katika Olimpiki. Haikuondolewa, na nchi zaidi ya 20 zikasusia. Tanzania ilikuwa miongoni mwao, nayo ndiyo iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Walker alishinda dhahabu kwa 3:39.17, muda wa polepole uliozidi ule wa Bayi wa Christchurch kwa sekunde 7.

Hapa wapenzi wa Bayi husema kwamba dhahabu ile ni yake kwa haki. Hawasemi kweli. Inajulikana kwamba kabla ya michezo hiyo alikuwa ameugua malaria, na hata bila malaria mwanahistoria hana mamlaka ya kutoa medali kwa mbio ambazo hazikukimbiwa. Lakini wapinzani nao hukosea wanapoandika tu kwamba Bayi hakupata kushinda Olimpiki, wakanyamaza hapo. Kijana wa miaka 23, akiwa katika kilele cha nguvu zake, aliwekwa kando ya uwanja kwa ajili ya uhuru wa watu wengine. Bei ya msimamo wa taifa ililipwa na miguu ya watu wachache, na mmoja wao alikuwa yeye. Mwaka 1994 Afrika Kusini ilipopata uhuru wake, hapakuwa na utaratibu wa kumrudishia mkimbiaji mwaka wake wa 1976. Kitabu cha matokeo huacha nafasi tupu mahali hapo. Wajibu wa historia ni kueleza kwa nini nafasi hiyo ni tupu.

Mjadala wa namna hii si wa Tanzania peke yake. Nchini Marekani wapenzi wa besiboli wamebishana kwa vizazi juu ya Babe Ruth, aliyepiga mipira 60 ya kuvuka uwanja katika msimu wa mwaka 1927. Roger Maris alipofikisha 61 mwaka 1961, wengi walikataa kumpa heshima kamili, kwa kuwa msimu wake ulikuwa na michezo 162 na wa Ruth ulikuwa na michezo 154. Lakini wengine wakauliza swali zito zaidi. Ruth alicheza katika ligi iliyowafungia mlango watu weusi mpaka Jackie Robinson alipoingia mwaka 1947. Je, idadi ile ya Ruth ingekuwa nini kama wapigaji na warushaji wote wa nchi yake wangeruhusiwa kucheza? Fundisho ni moja huko na huku. Tarakimu haisemi kweli mpaka ielezwe nani aliruhusiwa kuingia uwanjani na nani alizuiwa. Kwa Ruth, ukuta wa ubaguzi ulimpunguzia washindani. Kwa Bayi, vita dhidi ya ukuta wa namna hiyo vilimwondoa yeye katika ushindani.

Kwa mizani ya jembe, basi, hukumu imepatikana. Mwaka 1973 mjini Lagos, katika Michezo ya Afrika, alimshinda Kipchoge Keino, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1968. Mwaka 1974 aliwashinda wakali wa dunia kwa namna ambayo haijarudiwa. Mwaka 1980 alileta medali ya Olimpiki. Muda wa 3:26.00 hauifuti kazi hiyo, kama vile jembe la kiwandani lisivyomfuta Mshana. Hapo sifa ya fundi imesimama.

Inabaki mizani ya pili, na hii ni chungu zaidi, kwa maana haimpimi Bayi.

Upande wa Same mvua ni chache, na tangu zamani watu wa milimani walijua kwamba kijito peke yake hakitoshi kulisha shamba lililo chini. Walichimba ndiva. Ndiva ni birika kubwa la udongo na mawe, lililowekwa mteremkoni mahali pafaapo. Maji ya kijito hukusanywa humo usiku, na asubuhi mlango hufunguliwa yakateremka kwa mifereji hata mashambani, kwa zamu. Baadhi ya mabirika hayo, kama yale ya Bonde la Makanya, yameendelea kutumika hata karne hii, mengine yakiwa yamejengewa kwa saruji. Lakini ndiva ina sharti lake. Kila msimu wa mvua huingiza tope, na birika lisilozolewa tope hujaa, likaota majani na kufa. Ndiyo maana ndiva haikutengana na msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu wake na jembe lake. Mchimbaji wa kwanza husifiwa kwa kuchimba. Maji yakikauka katika zama za wajukuu, aibu ni ya wajukuu.

Kwa kipimo hiki, muda wa 3:32.16 unageuka sura. Hadi leo hakuna Mtanzania mwingine aliyekimbia mita 1500 kwa muda huo, sembuse kuupunguza. Rekodi ya taifa iliyokaa zaidi ya miaka 50 hutajwa kama sifa ya Bayi, na kwa sehemu ni sifa yake. Lakini katika mbio, rekodi isiyoguswa kwa nusu karne ni kama birika lililosimama bila mfereji: maji yapo, hayafiki shambani. Kadhalika medali za Olimpiki. Tanzania ina mbili tu, zote za fedha, zote za Moscow mwaka 1980: ya Bayi, na ya Suleiman Nyambui katika mita 5000. Hakuna iliyoongezwa tangu hapo.

Mtu aweza kusema kwamba vipaji hutoka kwa Mungu, na taifa haliwezi kulaumiwa kwa kutojaliwa. Jirani anaikanusha hoja hiyo. Keino alishinda mita 1500 mwaka 1968 akitoka katika nyanda za juu zisizotofautiana sana na zile za Karatu na Mbulu. Baada yake Kenya ilimpata Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1988, na Noah Ngeny, wa mwaka 2000. Na katika wanawake Faith Kipyegon ameshinda mbio hizo mara tatu mfululizo, mwaka 2016, mashindano ya Tokyo yaliyofanywa 2021, na 2024. Keino hakuwa na kipaji kilichomzidi Bayi. Lagos ilionyesha hivyo. Alichokuwa nacho ni watu waliozoa tope nyuma yake: shule zenye mashindano, makocha waliokaa mahali pamoja kwa miaka mingi, na kambi za mazoezi zilizoota karibu na nyumba za wakimbiaji wenyewe.

Si kweli kwamba Tanzania haikufanya lolote. Jeshi la Wananchi limekuwa mfereji uliodumu. Bayi alikuwa askari. Juma Ikangaa, mshindi wa marathoni ya New York mwaka 1989, alikuwa askari. Na Alphonce Simbu, aliyeshinda marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo mwezi wa Septemba 2025 na kuwa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha, ni askari vilevile. Simbu alishinda kwa tofauti ya sekunde 0.03, kwa subira mpaka hatua ya mwisho, kinyume kabisa cha mwendo wa Bayi. Hilo nalo lina faida ya kukumbukwa: mrithi halazimiki kuiga mwendo wa mzee wake. Halazimiki ila kuyafikisha maji. Lakini mfereji mmoja hauwezi kunywesha nchi nzima, na mtoto ambaye hakupata kuonekana na jeshi hana mlango mwingine wa kugonga.

Bayi mwenyewe amerudi kazini na jembe begani. Mwaka 2001 taasisi yenye jina lake ilianzishwa. Zikajengwa shule, Dar es Salaam na Kibaha. Na kwa miaka mingi alihudumu kama Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Watu wengine wanaweza kupima mafanikio ya kazi hizo kwa ukali wapendavyo. Ila jambo moja halina ubishi: mchimbaji wa birika ameonekana pia katika msaragambo, na hilo si la kila mchimbaji.

Kwa hiyo mjadala wa kama Bayi bado ni mkubwa umekawia katika swali jepesi. Ukubwa wake ulithibitishwa siku ile ya Christchurch, katika uwanja ambao sasa haupo tena, kwa kuwa tetemeko la mwaka 2011 liliuharibu ukabomolewa. Uwanja umekwenda na muda umebaki. Linalongoja jibu ni la upande wa pili. Mtoto wa Chome au Mbaga apandaye na kushuka mlima kila siku kwenda shule ana mapafu na miguu. Ana mwalimu wa kumpimia muda? Ana mashindano ya kumkutanisha na mwenzake wa Karatu, na mtu wa kuandika jina lake mahali litakapoonwa? Haya ni mambo ya tope na majembe, hayana fahari ya hotuba za kumbukumbu, na ndiyo yanayokosekana kila mara jina la Bayi linapotajwa kwa majivuno.

Siku Mtanzania atakapokimbia mita 1500 kwa 3:32.15, jina la Bayi halitapungua hata chembe. Wazee wa Upare hawakupata kumwonea wivu mtu aliyelima shamba kubwa zaidi chini ya ndiva ya babu yake. Waliona haya tu pale ambapo ndiva ilikuwapo, na shamba likakauka.